Bingwa wa Chemshabongo na Nyumba ya Bi Mwanakuu

Kisiwa kizima cha Mombasa kilikuwa na bingwa mmoja tu wa chemshabongo, na bingwa huyo, kwa ushahidi wake mwenyewe, alikuwa Aidarus! Miraba aliijaza kwa wino. Penseli, alisema, ni ya wenye shaka.

Alasiri hiyo aliketi barazani kwa Bi Mwanakuu, Mji wa Kale, kanzu imenyooka, udi unamfukuta hadi nzi wanakohoa. Wazee wake walikuwa wameshapeleka posa ya Mahira, binti wa nyumba hiyo. Leo ndiyo siku ya jibu! Naye alikuwa amejigamba kwa mama mtu kwamba atamwonyesha chemshabongo ya gazeti la leo ikiwa imejaa yote. Mada: nyumba na mitaa.

"Nyumba na mitaa!" alimwambia Ishaq, rafiki yake aliyemsindikiza. "Mimi damu yangu ni chokaa ya Mji wa Kale!"

Ishaq akanywa kahawa yake. Alijua fika kwamba damu hiyo ilikulia ghorofani, mtaa wa Buxton, nje ya Mji wa Kale.

Mtaa wa kisiwani, herufi saba? BONDENI! Aliandika kwa mbwembwe kama sultani anayetia sahihi. Kisha akakwama. "Ukivuka mlango wa nyumba ya kale, mgeni hungoja hapa. Herufi nne."

"Uliza watu," Ishaq akamshauri.

"Niulize? Mimi?"

Alimpenda Mahira kweli kweli, lakini angemkabili vipi mama mkwe na miraba minne mitupu? Mlango ulikuwa wazi. Ikiwa jibu limo nyumbani, akawaza, si kwenda kulitazama tu!

Akaingia, gazeti mkononi, bila hodi wala salamu. Akapita kiukumbi chenye mabaraza ya mawe kandokando, asikitupie hata jicho. Akafunua pazia, akatumbukia ndani kwa wanawake! Mahira alikuwa kichwa wazi, hina imemganda nywele nzima.

Mayowe! Bi Mwanakuu akainuka na mwiko wa pilau.

"Wendapi weye?"

"Natafuta mahali pa herufi nne, mama!"

"Toka! Rudi dakani, hapo kiukumbini ulipopita, ungoje kama watu! Hata hodi hukupija?"

"Daka!" Aidarus akaruka kwa furaha. "Limeingia!"

Badala ya kukimbia, akachuchumaa papo hapo akaandika, huku wanawake wakigombania kanga za kujifunika. Mwiko ndio uliomtoa.

Baadaye Bi Mwanakuu akatokea mlangoni. Aidarus akamwinulia gazeti, nundu ikimchomoza kipajini.

"Imejaa yote, mama!"

"Hongera. Mahira naye asubuhi alikuwa na jibu moja, sasa analo jengine. Lina herufi mbili."

Akafunga mlango.

Aidarus akahesabu vidoleni. Naam, nne. Ndiyo, tano. "Ishaq, mbona yote yazidi?"

Ishaq akamwonea huruma.

"Ni LA, bingwa," akasema. "Inuka twende zetu."