Vioo vya Kaka Latifo

Jumatatu, 9 Julai 2012
Palma imefurika wageni wa gesi. Kila mtu kapata lake. Kurwa kinyozi kaongeza kiti cha pili. Hata Husseni mwadhini kapangisha banda la mbuzi! Mimi Shamte, niliyewapita wote kwa akili, nipo nipo tu.

Asubuhi kaka Latifo kaniita. Kifua kimemshika vibaya. Chini ya kitanda ana vioo viwili vya darubini aliyoiunda zamani alipokuwa mwalimu. Kimoja kizima, kingine chumvi ya bahari imekila karibu rangi yote ya fedha. Kaomba nimfungie kimoja kwenye bomba lake kabla ya mwezi wa Ramadhani. Miaka yote anambembeleza mkewe, shemeji Zuleica, aje achungulie mwezi, na miaka yote shemeji ana chungu jikoni. Mwaka huu kakubali. Nikasema naam, kaka. Nikaondoka na vyote viwili, eti nivipanguse. Vioo vizuri mno kwa kazi ndogo namna ile.

Jumatano, 11 Julai
Nimemshawishi Kurwa atundike kile kizima ukutani. Kioo cha wataalamu! Kumbe kioo cha darubini kimebonyea katikati. Akaketi chefe mmoja, bosi wa gesi, Henrique, mtu wa Maputo. Kwa mbali akajiona kichwa chini. Akasogea, pua ikawa kama fenesi. Mtume! Katoka mbio na povu shavuni. Kurwa kanirudishia kioo, kasema nisikanyage tena pale. Wivu tu huo.

Ijumaa, 13 Julai
Leo nimepata! Kioo kikielekezwa juani kinachoma. Samaki wa kuchoma bila kuni, bila moshi, kwa wageni. Nikakitega uani, tasi mbele yake juu ya kijiti. Nikaenda kutafuta ndimu. Jua halikuningoja. Moto ukahama kwa tasi, ukaenda kwenye kanzu ya Husseni iliyoanikwa hapo kando. Kanzu ya Ijumaa! Husseni kaja na ndoo, kamwagia kanzu, kanimwagia mimi, kisha kakipiga kioo teke. Vipande vitatu.

Jioni kaka akauliza vioo vinaendeleaje. Nikasema vinang'aa. Akacheka kwa furaha mpaka akakohoa. Niliona haya, nikashindwa kumtazama.

Jumanne, 17 Julai
Kaka kaambiwa. Na nani mwingine, kama si Husseni! Nikajitayarisha kutukanwa. Hakunitukana. Kasema kile kilichochubuka kinatosha, mwezi una mwanga mwingi wa kwake. Nikilete tu Alhamisi kabla ya magharibi. Nimelia nyuma ya choo, Mungu anajua.

Nilipofuta machozi ndipo wazo likanijia. Kila mwaka Husseni ndiye anayeuona mwezi kwanza, na watu wanampa mkono msikitini. Kwa kioo hiki nitamtangulia! Watu wa empresa, kampuni ya gesi, wakisikia, wataniajiri. Nitauona, halafu nitakipeleka kioo mbio kwa kaka.

Alhamisi, 19 Julai
Fedheha! Tulisimama uwanja wa msikiti, sote tumeelekea magharibi, kama ilivyo ada. Nikainua kioo mbele ya uso. Yarabi, mwanga! Mwembamba, umepinda. Nikapiga kelele mwezi huo, mwezi huo! Watu wakaleta takbiri. Husseni akauliza uko wapi, maana mbinguni haoni kitu. Nikamwonyesha kiooni. Akatazama, kisha akageuka taratibu, akatazama nyuma yetu, baharini. Moto wa meli ya kuchimba gesi. Nani asiyejua kwamba kioo humwonyesha mtu kilicho mgongoni mwake? Mimi. Wamecheka mpaka wengine wakakaa chini.

Nilipofika kwa kaka, giza limeshaingia. Walizisikia takbiri. Shemeji aliliacha jiko, akakaa naye mkekani, wakaningoja na bomba tupu. Kaka alikuwa ameshaingizwa ndani. Kasema si neno, mwezi haujaandama, kesho basi.

Ijumaa, 20 Julai
Kaka amefariki alfajiri. Inna lillahi. Tumemzika baada ya sala ya Ijumaa. Husseni ndiye aliyeingia nami kaburini kumpokea. Magharibi mwezi umeandama waziwazi, kila mtu kauona kwa macho yake. Mimi sikutaka kuutazama. Shemeji, kutoka chumbani, kasema jana alikuwa tayari, angechungulia. Sina kaka tena, na moyo unaniuma.

Jumatatu, 23 Julai
Shemeji kanipa bomba. Kaomba nikifunge kile kioo, niiweke darubini uani kwake, autazame mwezi kama mumewe alivyotaka, kabla haujajaa. Nikaapa wallahi. Nimekifunga leo hii, machozi yananitoka, na inaonyesha kweli! Mashimo ya mwezi yote!

Baada ya futari nilikuwa njiani kuipeleka. Nikakutana na Henrique. Akachungulia, akaita wenzake, wakapanga foleni. Foleni! Jamani, riziki haikataliwi. Basi wageni wachungulie kwanza, siku chache tu. Shemeji yumo ndani ya eda, miezi minne na siku kumi. Haendi popote.