Mkono Ulioifunga Injini

Johnson Thuo alikuwa akipita zake mtaa wa Makongeni, Nairobi, kutafuta mtu wa kumdanganya, maana ilikuwa Jumatatu na hakupenda kuanza wiki bila kazi, alipomwona jogoo akitoka kwenye dirisha la gari.

Jogoo alikuwa mwekundu, mwenye dharau. Gari lilikuwa pikapu kuukuu ya Austin, imekalishwa juu ya mataruma ya reli ubavuni mwa nyumba, na baada ya jogoo wakatoka mitetea watatu. Mtu mwingine angeona banda la kuku. Thuo aliona bodi isiyo na kutu, chasisi iliyonyooka, na tairi ambazo mwenyewe alikuwa amezifunika magunia zisichomwe na jua. Gari linalotunzwa hivyo, aliwaza, lina mwenyewe anayesubiri muujiza, na miujiza ndiyo bidhaa aliyokuwa akiuza.

Akaegesha Vespa yake taratibu kando ya ua. Vespa hiyo ya kijani ndiyo mali pekee ambayo Thuo alikuwa ameipata kwa njia ambayo angeweza kumsimulia mamake. Aliiosha kwa sabuni ya kuogea na kuilaza ndani ya nyumba, yeye mwenyewe akijibana pembeni.

Mwenye pikapu alikuwa Mzee Laban Wekulo, karani wa mizigo iliyopotea katika stesheni ya reli. Alikuwa karibu kustaafu, na nyumba ile ilikuwa ya wafanyakazi wa reli. Akistaafu, anafunga virago. Pikapu aliinunua zamani kusudi siku hiyo ikifika apeleke vitu vyake kwao Bungoma kwa gari lake mwenyewe, majirani wakimwona. Kwa bahati mbaya injini ikastaafu kabla yake. Mafundi kadhaa walikuja wakaitazama, wakavua kofia, wakaenda.

"Mzee, gari lako ni zima," Thuo akamwambia. "Limekufa moyo tu. Tunautoa huu wa mkoloni, tunaweka wa kisasa."

Mzee Laban akauliza itagharimu kiasi gani. Thuo akasema hataki hata senti. Apewe injini ya zamani aiuze kama chuma chakavu, na chakula cha mchana siku za kazi, basi. Yeye alitaka tu wazee wa Eastlands waone kazi ya mikono yake.

Mzee Laban aligeuka kando ili kuficha tabasamu. Kwa miaka yote aliyokaa nyuma ya dirisha la mizigo, watu walikuja kudai masanduku yasiyo yao, na alijisifu kwamba hakuna aliyewahi kumdanganya. Sasa alimwonea huruma kijana wa watu aliyekuja kujidhulumu mwenyewe. Akampa mkono haraka kabla hajabadilisha nia.

Nerima, mkewe, alikuwa akikaanga mandazi ya kuuza mlangoni. Aliuliza swali moja tu.

"Na wewe unapata nini?"

"Baraka, mama."

"Baraka ni nzuri," akasema Nerima, akageuza mandazi.

Mpango wenyewe ulikuwa mwepesi. Kule Njiru, kwenye machimbo ya mawe, kulikuwa na kontrakta mmoja aitwaye Makau, aliyenunua magari bila kuulizia vitabu vya umiliki, kwa kuwa aliamini maswali mengi huharibu urafiki. Makau alitaka pikapu. Lakini pikapu iliyokufa haiibiki. Utaivuta kwa kamba mchana kweupe mpaka Kangundo Road watu wakikupungia? Ili Thuo aiibe Austin, ilibidi kwanza aifufue.

Kwa hiyo akaenda Grogan kwa Abdiqadir, muuza vipuri, aliyekuwa na injini nzuri ya Datsun pamoja na giaboksi yake, imetolewa kwenye gari lililobomoka nyuma tu. Thuo alimweleza habari ndefu na ya kusikitisha kuhusu shangazi mgonjwa. Abdiqadir alisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu.

"Thuo, mimi najua wewe," akasema. "Wacha Vespa hapa. Jumamosi jioni ukileta pesa, chukua Vespa. Usipoleta, yangu."

Thuo akamkabidhi ufunguo. Aliipapasa Vespa kwenye kiti, akaiambia kimoyomoyo kwamba ni siku chache tu, akaondoka kwa miguu bila kutazama nyuma.

Sasa kuna jambo lazima lisemwe kwa haki yake. Thuo aliwahi kuwa fundi wa kweli, kabla hajagundua kwamba ulimi unamlipa kuliko spana, na kazi hii aliifanya vizuri kuliko kazi zote za maisha yake. Fundi anayemtengenezea mwenzake huacha nati moja imelegea apate kuitwa tena. Thuo alikuwa akitengeneza gari ambalo kwa hesabu zake lilikuwa lake tayari, kwa hiyo alizikaza zote. Vijana wa genge la reli walisimamisha mabomba matatu, wakafunga mnyororo, wakaivuta injini ya zamani juu kwa wimbo wao wa kazini, watoto wa mtaa mzima wakishangilia. Ya kisasa ilikuwa ndogo, haikukaa kwenye vishikizo vya zamani. Thuo akapima, akakata, akaita mtu wa kuchomelea, akamlipa kwa ile injini ya zamani. Propela, chuma kinachozungusha magurudumu ya nyuma, ilikuwa fupi, ikaongezwa. Alilala chini ya gari hadi mgongo ukafa ganzi, na jogoo mwekundu, aliyeona amenyang'anywa nyumba, alikuja kumdonoa vifundo vya miguu kila alipopata nafasi.

Mchana Nerima alimletea ugali na mboga za kunde, akakaa kwenye kibao chake kumtazama anavyokula. Hakuwa mtu wa maneno. Siku moja Thuo alirudi kutoka Grogan na kebo ya klachi, akamsikia akimwambia mumewe kwamba kuna mzee alipita, amepotea njia ya zahanati, akaelekezwa. Thuo hakulitilia maanani. Watu hupotea Makongeni, nyumba zote zinafanana.

Injini iliwaka siku ya Alhamisi. Iliwaka kwa mara ya kwanza ufunguo ulipozungushwa, ikanguruma taratibu bila moshi, na Mzee Laban akaweka kiganja juu ya boneti, machozi yakimlengalenga. Thuo mwenyewe alijikuta anacheka kwa furaha ya kweli, akakasirika. Furaha haikuwa katika mpango.

Mzee akataka kuingia aendeshe papo hapo. Thuo alikuwa amejiandaa.

"Polepole, mzee. Injini ya kisasa lazima izoeshwe kwanza. Na inazoeshwa na mkono ulioifunga, si mwingine, la sivyo inagoma. Inapelekwa mbali, mwendo wa pole, ikiwa na mzigo mzito, mpaka pete za pistoni zikae mahali pake. Jumamosi asubuhi nitakuja niichukue, jioni nairudisha imezoea."

"Mzigo gani?" Mzee Laban akauliza.

"Wowote. Hata mawe."

Nerima alikuwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi. Akayarudia maneno yale polepole, kama mtu anayekariri aya ya kusoma kanisani. "Mkono ulioifunga. Mbali. Mzigo mzito." Kisha akarudi ndani.

Jumamosi Thuo aliamka mapema, akanyoa ndevu, akavaa shati safi. Makau alikuwa akingoja Njiru na pesa. Abdiqadir angefunga duka jioni. Alitembea hadi Makongeni akipiga mluzi. Alipokunja kona ya nyumba ya Wekulo, mluzi ukakatika.

Pikapu ilikuwa imepakiwa hadi angani. Chini kulikuwa na kitanda na kabati, juu magodoro, juu ya magodoro meza imepinduliwa miguu juu, na katikati ya miguu ya meza ameketi Mzee Laban mwenyewe, amevaa suti. Kuku walikuwa kwenye tenga. Wanawake wa kanisa wa mtaa mzima walikuwa wamezunguka gari wakiimba.

"Injinia," akasema Nerima, "tumekungoja."

Thuo akauliza hii ni nini, ingawa macho alikuwa nayo. Nerima akamweleza kwa upole. Mzee alikuwa amechukua likizo yake ya mwisho, wakaona vitu vitangulie nyumbani. Injini ilitakiwa kupelekwa mbali, na Bungoma ni mbali. Ilitakiwa mzigo mzito, nao ndio ule. Na kwa kuwa haiwezi kuendeshwa na mkono mwingine ila ule ulioifunga, aingie tu, chai amemwekea kwenye chupa.

Thuo alisema Bungoma ni mbali mno kwa mara ya kwanza, na mzigo umezidi kidogo. Alisema pete huenda zikashtuka. Kabla hajafika kwenye shangazi mgonjwa, mama mmoja wa kanisa akafumba macho na kuanza kuliombea gari. Aliiombea injini, akaziombea breki, akamwombea dereva, kijana huyu mwenye roho safi ambaye Bwana amemleta kwa mzee wetu bila kudai malipo. Thuo alikuwa amewahi kuponyoka kwenye mikono ya polisi, lakini hakujua mtu anaponyokaje katikati ya maombi. Waliposema amina, mikono ilikuwa imeshamsukuma kwenye usukani, na Nerima ameketi kando yake, mkoba mapajani.

Wakaenda. Walipopita Naivasha alisimama kutia petroli, Nerima na mumewe wakashuka kwenda msalani. Thuo akanyoosha mkono kwenye ufunguo, akapapasa hewa.

"Nimeubeba," akasema Nerima aliporudi, "usije ukapotea."

Nakuru Thuo alitangaza kwamba breki zinahitaji kujaribiwa na gari likiwa tupu. Akawaomba washuke dakika chache, wapakue na vile vizito. Mzee Laban, aliyemwamini kwa kila neno, alianza kufungua kamba. Nerima hakusogea. Alisema amekaa vizuri, na breki zikikataa, basi wafe wote na kabati lao. Wakaendelea. Kwenye milima Thuo alibadilisha gia, na uchungu mkubwa ulikuwa huu: injini ilivuta ajabu. Ilipanda Timboroa na kabati, kitanda, kuku na karani mwenye suti, bila kukohoa. Hakuwahi kufunga injini nzuri hivyo, wala hangeikuta Vespa yake akirudi.

Walifika Jumapili mchana, baada ya kulala njiani, ufunguo ukiwa mkobani mwa Nerima. Habari zilikuwa zimetangulia. Ua ulijaa watu. Walichinja mtetea, na sahani ilipoletwa Mzee Laban akaichukua firigisi, ambayo pale nyumbani hakuna aliyeigusa ila yeye, akaiweka mbele ya Thuo. Akasimama. Akasema amefanya kazi maisha yake yote akiwatazama watu usoni wakidai mizigo isiyo yao, hata akafikia kuamini kwamba wanadamu wote ndivyo walivyo. Sasa amemwona mtu aliyetoa mali yake, jasho lake na siku zake, asiombe kitu. "Nilidhani nimepata mjinga," akasema. "Nimepata mtoto. Nisamehe, Injinia."

Watu wakapiga makofi. Thuo alitafuna firigisi kwa shida. Hakuna mtu aliyewahi kumsifu kwa jambo ambalo alikuwa amelifanya kweli, na injini ile aliifunga kweli. Aliona haya, na katikati ya haya akaona raha, na hakujua afanye nini na vyote viwili. Akainamisha kichwa, wakadhani ni unyenyekevu.

Alipoaga, Nerima alimsindikiza hadi kwenye njia, amembeba jogoo mwekundu aliyefungwa miguu.

"Sasa imezoea?" akauliza.

"Imezoea, mama."

"Haitagoma mkono mwingine?"

"Haitagoma."

"Vizuri." Akamkabidhi jogoo. "Yule mzee aliyepotea njia ya zahanati anaitwa Makau. Nilimpa chai na mandazi. Akaipiga piga pikapu yangu ubavuni, akaniambia rangi atakayoipaka ukishamuuzia."

Thuo akamhamisha jogoo hadi kwapa la pili.

"Ningeita polisi siku hiyo," Nerima akaendelea, "ningebaki na gari lisilo na injini. Nikaona umalize kwanza. Mzee hajui, na asijue. Anapenda sana kukusifu." Akamsawazishia kola ya shati kama mama anayempeleka mwana shuleni. "Umefunga vizuri, mwanangu. Ungeacha ule upuuzi mwingine, ungekuwa mtu."

Akarudi kwake bila kugeuka.

Thuo alitembea hadi barabara kuu akiwa na jogoo kwapani. Aliwaza juu ya Vespa, ambayo tangu jana jioni ilikuwa ya Abdiqadir. Aliwaza juu ya Makau, ambaye hakuwa mtu wa kungojeshwa. Kwa muda mrefu, karibu hadi kituoni, aliwaza pia maneno ya mwisho ya Nerima, na yalimkaa moyoni kwa namna ambayo ingemtia mtu mwingine machozi.

Kituoni basi la Nairobi lilikuwa likipakia. Thuo hakuwa na nauli. Karani wa basi, mtu mnene mwenye kalamu nyuma ya sikio, alimtazama jogoo kwa macho ya mtu ambaye hajala. Jogoo akamdonoa Thuo kwenye mbavu. Thuo akashusha pumzi, akanyoosha kola aliyosawazishiwa, akasogea karibu.

"Mzee," akasema kwa sauti ya chini, "huyu unayemwona si jogoo hivi hivi. Huyu ni wa kisasa."