Dumu la Oili kutoka Bolonya

Jumatatu, 6 Oktoba

Watu wawili tu duniani wamewahi kuielewa injini ya gari: yule aliyeivumbua, na mimi, Haralambie Ciobotea wa Tecuci. Yeye keshakufa. Mzigo wote umebaki kwangu, na mji huu haujui wala haushukuru. Sawa. Nimezoea.

Jeshini nilivusha lori la kanali juu ya barafu ya Danube, injini haina hata tone la oili, kwa kuliimbia tu. Kanali alilia. Nani anakumbuka leo? Hakuna.

Leo basi dogo la vifurushi limeleta dumu kutoka Italia. Oili ya gari! Dumu jeusi linalong'aa, maandishi ya dhahabu. Ametuma mke wangu Veturia, ambaye mwaka wa nne huu anamtunza bibi kizee wa watu huko Bolonya. Jumamosi anakuja. Haji kwa ajili yangu, tusidanganyane. Anakuja kwa ubatizo wa Jumapili, wa binti wa Tavi fundi. Mimi na Veturia ndio tuliosimamia ndoa ya Tavi, na aliyesimamia ndoa yako ndiye anayekubatizia mtoto. Halijadiliwi hilo. Nitasimama mbele ya padri, mtoto mkononi, mshumaa mrefu kunizidi, na Zamfir wa ghorofa ya chini atakuwa kule nyuma kwenye nguzo, anatafuna wivu.

Veturia kanena kwa simu: nimpelekee Tavi abadilishe oili, halafu nimfuate Focșani kituo cha mabasi gari likiwa zima, asije akalisukuma tena kama Pasaka ile. Nikamweleza kwamba Pasaka ile tatizo lilikuwa upepo. Akakata simu. Mtandao wa Italia mbovu sana.

Abadilishe! Mafundi nawajua mimi. Unamwachia oili ya maana, anafuta kijiti cha kupimia kwa kitambaa, anakurudishia gari na tope lako lilelile, na oili yako inaishia kwenye gari la shemeji yake. Tavi ni mwanangu wa ndoa, sikatai. Lakini hata yeye ana shemeji.

Jumanne, 7 Oktoba

Nimekwenda gereji kupeleleza. Nikamwambia Tavi waziwazi: kesho nasimama shimoni chini ya gari, bega kwa bega na wewe, nione oili ikitoka na nione ikiingia.

Akacheka. Eti, "Baba msimamizi, ukichafuka suruali hapa, mtaa utasema nini? Kwamba Tavi kamshusha shimoni aliyemfungisha ndoa? Mahali pako ni juu, mezani."

Na kweli, mkewe Mirela keshatandika kitambaa cheupe. Kahawa, keki ya njugu, gongo la plamu la baba yake. Nikiinuka, ananikalisha. Nikikaa, ananiongeza. Nikisema nimeshiba, anauliza kama keki ni mbaya. Na dirisha la chumba kile linatazama banda la kuku! Mbinu kamili. Mteja yeyote wa barabarani anaruhusiwa kusimama shimoni, akachungulia, akauliza maswali ya kipumbavu. Zamfir huwa anasimama. Mimi peke yangu nafungwa kwa keki, kwa sababu mimi ni mtu mkubwa. Heshima wameigeuza kamba.

Vipande vinne. Sikutaka kuwavunjia heshima.

Jumatano, 8 Oktoba

Akili imekuja asubuhi, nikinyoa ndevu. Karibu nijikate kwa furaha.

Nimekwenda roshani. Sisi kila kitu tunakiweka kwenye chupa za plastiki za maji: siki, gongo, maji ya baraka, mafuta ya alizeti yanayokamuliwa kijijini kwa kina Veturia. Nikaimimina oili ya Italia kwenye chupa hizo, nikazipanga rafuni. Kisha dumu jeusi nikalijaza mafuta ya alizeti. Nikalifunga, nikalipangusa, likang'aa kama lilivyokuja.

Mtego wenyewe huu hapa. Tavi akilifungua dumu, harufu ya alizeti itampiga puani. Atapiga kelele: "Baba, umeuziwa nini!" Hapo nitajua ni mwaminifu. Nitacheka, nitampiga bega, nitamletea oili halisi. Asipopiga kelele, basi dumu hakulifungua. Kaliiba zima! Ningezaliwa Bucharest ningekuwa waziri.

Nikapeleka gari na dumu. Nikakaa mezani. Keki. Kahawa. Nikatega sikio. Chini kimya.

Baadaye Tavi akapanda ngazi, anafuta mikono polepole mno. Akanitazama. Akauliza, sauti ya chini, kama nyumbani kuna salama. Nikamjibu salama tele. Akauliza kama mama msimamizi bado anatuma chochote. Nikamwambia anatuma mpaka nakosa pa kuweka, kwani vipi? Akasema hapana, baba, nauliza tu. Gari tayari. Oili mpya, filta mpya.

Nikamwuliza: na dumu langu, umeliona likoje? Akatazama kitambaa cha meza. Akasema ni dumu zuri, baba.

Dumu zuri! Neno la alizeti hakulitaja. Nikatoa pochi, akaurudisha mkono wangu mfukoni, akasema hii ni zawadi yake. Mwizi anaona haya kulipwa! Na Mirela akanisindikiza na bakuli la sarmale, za nyama na kabichi, zingali za moto. Hongo. Nilizila zote, ili ushahidi usiharibike.

Alhamisi, 9 Oktoba

Mambo kama haya mtu hawezi kukaa nayo peke yake. Nimekwenda kwenye benchi mbele ya jengo letu. Zamfir alikuwepo, kama kawaida. Alikuwa kondakta wa treni, kastaafu, lakini bado anamwangalia kila apitaye kama hana tiketi. Nikamweleza kwa siri. Kwa sauti ya kawaida, lakini kwa siri.

Zamfir akauliza kama niliona kwa macho. Nikamwambia mtu wa kiwango changu haoni, anang'amua. Akasema yeye oili yake anabadilishiwa na Tavi kila mwaka, na gari lake linanguruma kama paka. Nikamwambia linalia, halijapata wa kulielewa. Wanawake wawili wa ghorofa ya tatu wakacheka. Nikaendelea kidogo. Pengine nilimtaja shemeji. Pengine nilisema mtu wa namna ile mtoto wake nitambatiza huku nimeshika mifuko yangu.

Jioni nimekutana na mke wa padri dukani. Akaniuliza kama ni kweli Tavi kaniibia gari.

Sijui maneno yanatokaga wapi mji huu.

Ijumaa, 10 Oktoba

Zamfir kadai ushahidi mbele ya watu. Ushahidi nitampa! Nitafungua bolti ya chini ya sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, hapohapo uani, tope jeusi litoke, na mji uone.

Nikapandisha magurudumu ya upande mmoja juu ya ukingo wa njia. Nikachukua beseni la Veturia la kupikia jemu ya plamu. Benchi limejaa. Kuna aliyeleta mbegu za kutafuna. Nikaingia chini. Tumbo likakataa, nikatoa pumzi, nikaingia. Zamfir akasema, "Lambe, ukikwama tukuite fundi gani?" Wakacheka. Cheka tu, nikajisemea.

Nikakaza spana. Ikagoma. Nikaiimbia. Ikaachia.

Oili ikanimwagikia mkononi, shingoni, sikioni. Na haikuwa nyeusi. Ilikuwa kama asali. Safi! Unaona kidole chako ndani yake. Beseni likajaa mara moja, ikamwagika, ikaelekea benchi, watu wakainua miguu. Bolti ikaniponyoka, ikabingirika kwenye mteremko, ikaingia kwenye tundu la mtaro wa mvua. Nikaisikia ikidondoka huko chini. Ndo!

Zamfir akainama, akachovya kidole, akanusa. Akasema, "Haralambie, hii mpya."

Nikiwa bado chini ya gari nikaona viatu vya kazi vinakuja. Kuna mtu alikwenda kumwita Tavi. Akaweka chini dumu langu jeusi, karibu na kichwa changu, taratibu. Zamfir akalifungua kabla sijatoka. "Alizeti!" akapiga kelele, kwa furaha ambayo sikuwahi kumwona nayo hata alipopata mjukuu.

Tavi hakunigombeza. Ningependa angenigombeza. Alisema, "Baba msimamizi, nilijua umekosa pesa ya oili ukaona haya. Nikaweka yangu. Hata Mirela sikumwambia."

Nikamjibu kutoka palepale chini kwamba kosa ni lake: fundi wa kweli angepiga kelele.

Akasema kesho yeye ndiye atakayekwenda kumchukua mama msimamizi. Kuhusu Jumapili hakusema neno. Akaondoka akizunguka oili yake ili asiikanyage.

Wamenivuta miguu kunitoa. Watu wanne.

Jumamosi, 11 Oktoba

Usingizi sikupata. Kunyang'anywa mtoto wa kubatiza! Hilo halijamtokea mtu Tecuci. Mlevi anabatiza, mfungwa akitoka anabatiza. Nikajiona nyuma ya kanisa, kwenye nguzo ya Zamfir.

Mchana Tavi kamleta Veturia. Kabeba mabegi yake yote mpaka juu. Veturia kakonda, mikono imepasuka kwa sabuni za watu. Akauliza gari limekuwaje. Nikasema bolti. Akauliza oili ilifaa? Nikasema ilifaa mno, iko ndani ya gari. Tavi akatazama dari. Akageuka mlangoni, akasema, "Kesho saa nne, baba. Usichelewe."

Nimebaki msimamizi! Kaogopa bila shaka. Mtu kama mimi hampati tena.

Nilikuwa bado nanyoosha kola mbele ya kioo nikasikia sufuria. Veturia koti hajavua, anamenya viazi. Kasema anajua sijala chakula cha maana. Akafungua mlango wa roshani, akarudi na chupa ya mafuta.

Niliijua chupa ile.

Ningeweza kusema. Neno moja tu lilitosha. Lakini neno lile lingevuta jingine, na la alizeti, na la benchi, na mwisho Veturia angejua kila kitu, na kesho ni ubatizo. Nikaendelea kunyoosha kola. Kikaangio kikatoa moshi wa buluu. Veturia akanusa. Akaiangalia chupa kwenye mwanga wa dirisha. Akaniangalia mimi. Akauliza mafuta haya ni ya wapi. Nikasema ya kijijini kwenu, wamebadilisha mashine ya kukamulia.

Akasema yeye kala ndani ya basi. Akanipakulia. Akakaa mbele yangu, kakunja mikono mezani.

Nikala.

Akauliza, vitamu? Nikasema vitamu. Akasema, bila kuulizwa, kwamba ile oili aliinunua kwa pesa ya kukesha na yule bibi, kumgeuza kitandani upande huu na upande huu. Nikasema pole. Akaniongeza sahani ya pili bila kuniuliza, huku ananitazama kama anavyotazama mtu anayemnywesha dawa.

Jumapili, 12 Oktoba

Kengele za saa nne nimezisikia kupitia kidirisha cha chooni. Sikuweza kufika hata mlangoni. Mara tatu nimevaa suti, mara tatu nimeivua kwa haraka.

Mtoto kashikwa na Zamfir! Veturia mwenyewe kamwomba, pale pale ngazini, nikisikia. Anasema mtoto hakulia hata kidogo na Zamfir alitokwa machozi kwenye mshumaa. Mirela kanitumia keki ya njugu, nayo siwezi kuitazama.

Tavi kanipigia kuuliza hali. Kasema atatafuta bolti nyingine, atakuja Jumanne kulivuta gari, na tutatia ile oili ya Italia ambayo Veturia kamwambia imebaki rafuni. Sauti ya upole kabisa. Upole wa nini? Mtu mwenye nafasi ya kunicheka asinicheke, ana lake jambo. Na kwa nini kauliza zimebaki chupa ngapi?

Safari hii sitakaa mezani. Nimeshapanga. Kila chupa nitatia tone la wino wa rangi yake, na Jumanne hiyo nitajifungia ndani ya buti ya gari kabla hajalivuta, nisikilize. Hawezi kumkalisha kwa keki mtu asiyemwona.

Kilichotokea wiki hii, lawama iko wazi. Tavi angepiga kelele Jumatano, haya yote yasingekuwepo. Zamfir angekaa nguzoni kwake. Mimi na Danube tunajua kazi. Wao wanajua heshima tu.

Jambo moja dogo ndilo nisahihishe, kwa kuwa daftari hili halisomwi na mtu. Ile sahani ya pili, Veturia hakuniongeza. Alikwisha kuisogeza sufuria mbali, akasema inatosha, Lambe. Niliiomba mwenyewe. Tangu Pasaka ile hakuna mtu aliyekuwa amenipikia viazi.