Mshenga wa Kujiamini

Jumanne, 4 Juni 1996
Leo nimemnyang'anya Opondo kazi! Jirani yangu Kevin, fundi wa vitanda hapa mtaani Kisumu Ndogo, anataka kumwoa Wakarima, binti wa Mzee Mburu wa Kawangware. Jumamosi anapeleka posa. Na mshenga alikuwa nani? Opondo! Kiongozi wa kwaya, mtu wa kukohoa kabla ya kila sentensi. Eti kwa sababu aliuza viazi Dagoretti miaka mingi, na Kikuyu kinamtoka kama maji. Nikamwambia Kevin lugha si kitu. Kitu ni kujiamini. Mtu akisimama wima akamkazia mwenzake macho, ataeleweka hata China. Kevin akauliza kama mimi najua Kikuyu. Nikamkazia macho. Akaacha kuuliza. Si unaona?

Jumatano, 5 Juni
Mafunzo. Kevin ni mtu mzuri ila mwoga. Akiongea na mkubwa anaangalia viatu vyake, na viatu vyenyewe havina cha kuangaliwa. Nimemtuma kwa mama mboga akaitishe sukuma wiki kwa sauti ya mwanamume. Amerudi na kabichi. Eti mama alimwekea mkononi, akaona aibu kukataa. Kabichi kubwa! Tumeila yote.

Ijumaa, 7 Juni
Balaa. Opondo amekuja kuuliza kesho tunatoka saa ngapi. Kumbe Kevin hakuthubutu kumwambia kwamba amefutwa! Ikabidi nitumie akili. Nikasema safari imesogezwa, Mzee Mburu ni mgonjwa, kifua kimembana. Opondo akasikitika kweli. Akasema atamwombea. Mtu mwema huyu. Inaudhi.

Jumamosi, 8 Juni
Sijui nianzie wapi.

Nilivaa koti la kuazima. Sebule ya Mzee Mburu ilijaa: wazee, shangazi, Wakarima mlangoni na birika la chai. Mzee akasema Kiswahili anakijua, lakini nyumbani kwake mambo ya binti huzungumzwa kwa Kikuyu. Nikasema hakuna shida! Mimi najua neno moja, "ii", yaani ndiyo. Kwa mshenga linatosha.

Mzee akauliza kitu. "Ii!" nikajibu kwa kifua. Wazee wakatazamana. Akauliza kingine, akimwonyesha Kevin kwa fimbo. "Ii!" Shangazi akaziba mdomo. Akauliza cha tatu, kirefu. "Ii! Ii sana!" Wakarima akaangusha birika.

Hapo mlango ukabishwa. Opondo! Na machungwa! Amekuja kumjulia hali mgonjwa! Mzee, akiwa mzima kama ng'ombe wake, akauliza mgonjwa gani. Wakasemezana Kikuyu. Opondo akanigeukia, akakohoa, akatafsiri. Mzee aliuliza kama ni mimi ninayemtaka Wakarima. Halafu kama huyu anayetoka jasho kando yangu ni kibarua wangu. Halafu kama niko tayari kuhamia hapa kwake nikame ng'ombe.

Nilitamani ardhi inimeze. Nikafungua kinywa nijieleze. Hakikutoka kitu. Mimi!

Aliyesimama ni Kevin. Akaweka kikombe chini, akainua macho kutoka kwenye viatu vyake.

"Mzee, huyu siye. Ni mimi. Naogopa sana, lakini Wakarima nampenda. Nikitoka hapa bila kusema hivyo nitajuta mpaka nife."

Mzee akamuuliza, kwa Kiswahili, mbona basi alileta mdomo wa kuazima.

"Nilidhani wangu hautoshi."

Mzee akamwonyesha kiti kwa fimbo.

"Keti," akasema. "Unatosha."

Shangazi akapiga vigelegele. Wakarima alikuwa analia huku anapangusa chai. Mimi pia nilifuta macho, nadhani ni maji ya chungwa. Opondo akapewa kiti kando ya Kevin. Mimi nikapewa kiti karibu na mlango. Karibu sana na mlango.

Posa imekubaliwa.

Jumatatu, 10 Juni
Kevin amepita akienda kumshukuru Opondo. Kwangu amepunga mkono tu, "Niaje, Okello." Basi! Lakini nimelitafakari jambo hili kwa makini. Je, Kevin alisimama au hakusimama? Alisimama. Na nani alimfundisha kusimama? Mtaa mzima nimeshawaeleza. Wanacheka. Ni furaha hiyo.

Jioni pasta amekuja amechanganyikiwa. Mpiga kinanda amesafiri na Jumapili kuna ubatizo. Hajamaliza kusema, nimeshajitolea. Akauliza kama nimewahi kupiga. Nikamwambia awe na amani. Kile kitu nimekiona kwa karibu: ni nyeusi na nyeupe tu. Rangi mbili! Mimi naandika mabango ya maduka kwa rangi saba.