Yabeshi Iko Kwangu, Si kwa Mitri

Jumapili, 6 Oktoba
Sijapata usingizi. Daktari Rula, yule mtaalamu wa mambo ya kale kutoka Amman, kafika kijijini. Anautafuta Yabeshi, mji wa kwenye Biblia ambao watu wake waliizika mifupa ya Mfalme Sauli. Anadhani uko chini ya kilima changu au cha binamu yangu Mitri. Ataanza na kimoja tu! Nikiwaza mabasi ya mahujaji yamepangana kwa Mitri, najigeuza tu kitandani. Mitri tayari ana duka, ana mpwa halmashauri, na meno yote mdomoni. Mama Ramzi kaniambia niviache vilima vikae, zeituni zimekaribia kuvunwa. Ni kweli kilima ndicho shamba letu, hatuna lingine, na safu ya mbele ya mizeituni aliipanda kwa mikono yake mwaka tuliooana. Lakini Mama Ramzi haoni mbali.

Jumatatu, 7 Oktoba
Nimeshinda! Nilimwendea daktari hemani. Akanimiminia kahawa. Nikakiweka kikombe chini, sikukigusa. Kwetu mgeni akiweka kikombe chini ana ombi, na hanywi mpaka mwenyeji akubali. Mwenyeji wa kuiacha kahawa ya mgeni ipoe hajazaliwa. Daktari alikitazama kikombe, akanitazama mimi. Akasema hata babu yake kule Karak alikuwa mjanja hivyo hivyo. Kisha akacheka: haya, kunywa, Baba Ramzi, tutaanza kwako. Nikanywa kwa funda moja, nikaungua ulimi.

Jioni Mitri kaniletea sinia la kunafa, kile kitamu cha jibini. Eti hongera, binamu. Hongera ya nini? Huyu hajawahi kunipa hata chumvi! Kunafa imenikwama kooni. Nimeimaliza, lakini imenikwama.

Jumatano, 9 Oktoba
Mawe matupu. Wasiwasi umenizidi. Nimevunja chungu cha marehemu bibi, nikavitupa vigae shimoni wachimbaji walipokwenda kunywa chai. Daktari kaokota kimoja, kakinusa. Kauliza, kwa upole kabisa, kama watu wa Sauli walipikia samli ya juzi. Wachimbaji wamecheka mpaka wamekaa chini. Aibu gani hii!

Alhamisi, 10 Oktoba
Ukuta! Wa kweli! Mnene, mawe makubwa. Daktari karuka kama mtoto. Nami nikaruka, mpaka aliposema ukuta unaelekea chini ya mizeituni. Nikauliza itakuwaje. Kasema miti huenda ikang'olewa, na ikithibitika ni Yabeshi, serikali itachukua kilima chote, fidia itakuja baadaye. Baadaye lini? Katazama mawingu.

Sasa nimeielewa ile kunafa! Mitri alijua tangu mwanzo, mshenzi yule! Mama Ramzi kasema mchimba kisima huingia mwenyewe, kisha kaenda kuiangalia safu yake. Nimeamua. Daktari haingii kwenye mizeituni. Nitamwambia hapana. Nimefanya mazoezi mbele ya kioo.

Ijumaa, 11 Oktoba
Yamenikuta. Daktari kaja nyumbani na kasisi, na nyuma yao Mitri, kavaa suti. Majirani wakajaa. Mama Ramzi kaleta dele la kahawa, nikammiminia mgeni, nikamrudishia. Kikombe akakiweka chini! Ujanja wangu mwenyewe! Kasema ana ombi moja, apitishe mtaro kwenye mizeituni. Ile hapana ilikuwa tayari, imekaa kwenye ncha ya ulimi. Nikakitazama kikombe. Nikawaza kijiji kizima kikisema kwa Baba Ramzi kahawa ya mgeni hupoa. Nikausikia mdomo wangu: kunywa, daktari, umepewa.

Mitri kapiga makofi. Dele limemponyoka Mama Ramzi.

Jumamosi, 26 Oktoba
Siyo Yabeshi. Ni kinu cha kukamulia zeituni, cha zama za Warumi. Safu ya Mama Ramzi yote imelala, mizizi juu. Daktari kaomba radhi, kasema serikali haitakichukua kilima. Mungu mkubwa! Kasema pia kwamba Yabeshi, kama ipo, itakuwa kwa Mitri. Anahamia huko kesho. Mitri kapauka, anahaha kijiji kizima akitafuta wa kumwombea aachiwe. Ningecheka, lakini najua sitalala tena. Yabeshi kwa Mitri, kwangu kinu! Kibao barabarani, jina la Mitri! Mabasi!

Mama Ramzi kaniita jikoni, kaniambia nimmiminie kahawa. Nikammiminia. Kikombe akakiweka chini. Mke wangu! Kasema hanywi mpaka niahidi kuachana na mambo ya Yabeshi, tupande safu mpya kabla ya mvua. Macho yalikuwa mekundu. Nikamwambia angoje kidogo tu, nakuja. Kilima changu kina upande wa kaskazini, haujaguswa, na miti yake mizuri tu. Ilibidi nimuwahi daktari kabla hajang'oa hema.

Nimerudi. Daktari kakubali! Mama Ramzi hayupo jikoni. Kikombe chake nimekikuta palepale, kimejaa, kahawa imepoa. Nimeimwaga, nikakiosha. Daktari anakuja asubuhi, na vikombe vyetu si vingi.