Kompyuta Zinazoongea Zenyewe Kangundo

Bwana Chifu, Waheshimiwa Madiwani, Wazee wa Vijiji walioteuliwa na wanaotarajia kuteuliwa, Wachungaji wote kwa urefu wa makanisa yao, Mama Mwenyekiti wa Kwaya, na wewe uliyekalia kiti changu (kicheko), hamjambo tena? (Hatujambo!)

Mimi, Justus Ndunda, Mratibu Mkuu wa Maelewano ya Programu za Kompyuta, cheo nilichokipendekeza mwenyewe nikakipata bila kupingwa (makofi), nasimama hapa Kangundo mwaka huu wa 2007 kufungua kituo hiki cha vyeti ambacho, kwa mujibu wa utafiti nilioufanya mimi, kitaboresha huduma kwa asilimia mia moja na nne.

Sikizeni. Kwenye kompyuta za Linux, programu haziishi kama majirani walionuniana. Ziko na tarishi wao, anaitwa D-Bus. Programu ya vyeti ikimaliza kazi inampa ujumbe, naye anaupeleka kwa kila programu iliyojiandikisha kuusikia. Ile ya barua inaamka, ile ya kuchapisha inaamka, na mwananchi hazungushwi hata kidogo. (Makofi. Sauti ya mama: "Na cheti ya Wendy iko wapi?")

Wacha nimjibu. Huyo ni mwaitu Kamanthe, mama yetu kwa Kikamba, ametoka Ndithini alfajiri. Binti yake Wendy asipopata cheti cha kuzaliwa leo, haandikishwi kufanya mtihani wa darasa la nane. Dirisha la kwanza limemtuma la pili, la pili limemrudisha la kwanza, na hayo madirisha, ndugu zangu, yametenganishwa na pazia! (Aibu! Aibu!) Aibu kabisa! Ndiyo sababu maafisa wako, mama, walienda wakshopu Mombasa, wakakaa hotelini wakijengeana uwezo mpaka wengine wakavimba miguu. ("Pole!") Asanteni. Uongozi ni msalaba.

("Basi bonyeza, Bwana Ndunda! Ofisi inafungwa saa kumi!")

Tulia, mwaitu. Haraka haraka haina baraka. Kwanza tuitikie pamoja. Programu! (Ziongee!) Tarishi! (Apeleke!) Maendeleo! (Juu, juu zaidi!)

Mwisho kabisa, natoa shukrani za dhati kwa fundi Kilonzo, aliyetuchongea kompyuta hizi zote kwa mbao, kuanzia skrini mpaka kibodi, akatuokoa na bili ya stima. Mwaitu Kamanthe, tafadhali, toa kidole hapo. Rangi haijakauka.