Watu Saba wa Bendi ya Ghorofa ya Tatu

Jumatatu, 3 Machi

Kikao cha asubuhi: Mhariri Mkuu katangaza gazeti linapunguzwa kurasa. Ukurasa wa kumi na nne utabaki na nafasi moja tu. Ama safu yangu ya muziki, ama chemshabongo. Chemshabongo! Miaka kumi na moja nimepigania masikio ya wasomaji, leo napimwa kwenye mizani moja na vijisanduku vyeusi na vyeupe! Mtunzi wake, ambaye ofisi nzima tunamwita Bwana Mraba, alikuwa anachonga penseli. Hata uso hakuinua.

Uamuzi ni Ijumaa saa kumi, mbele ya mwenye gazeti mwenyewe. Mhariri akaongeza, watu wote wakisikia, kwamba kaka, wewe siku hizi unagombana tu, bendi mpya hutuletei. Mimi! Sikujibu. Nilijibu kidogo. Nilijibu kwa dakika ishirini.

Nimerudi nyumbani nimefura kama chura. Balbu ya chumba changu cha kusomea imeungua. Ikabidi nikae sebuleni, shingo upande, na mke wangu na binti yetu, mbele ya adui. Adui ni runinga. Nimeandika makala arobaini na tatu za kumpinga. Saa kumi na mbili na nusu, tamthilia yao. Daktari anamwacha mchumba wake kituo cha basi, mvua inanyesha, mimi nimejifunika kitabu usoni. Ndipo wimbo ukaingia.

Mungu wangu! Gita moja. Ngoma inayogonga kama mtu anayebisha hodi huku akijua mwenye nyumba amehama. Sauti ya kike, kavu, haimbembelezi mtu. Nikasimama. Mke wangu akaniambia nikae, namziba daktari. Nikauliza ni akina nani hawa. Binti akacheka: baba, si kila wiki wanaweka bendi mpya? Yeye na wenzake nyimbo zao zote wanazipata humo, mwaka wa tatu sasa. Nikamgeukia mama yake, kumbe na yeye alijua? Akasema hata fundi cherehani wake anajua.

Miaka mitatu! Mimi nakesha kwenye kumbi zenye mbu nikimsikiliza mzee yule yule, kumbe muziki mpya unaingia sebuleni kwangu jioni, na mlango nimeufunga mwenyewe.

Jumanne, 4 Machi

Shabaha ya leo: jina la bendi. Majina ya mwisho wa tamthilia hupita mbio kama yamefukuzwa na mbwa, tena mtangazaji huyasukuma pembeni ili atangaze kipindi kijacho. Marudio ni saa saba mchana. Runinga ya ofisini iko mapokezi, chini ya himaya ya mlinzi, naye saa hizo hutazama mieleka.

Nikamsihi. Akaniuliza, mzee, si wewe uliyeandika kwamba anayetazama kitu hiki ana ubongo wa kuku? Amekata makala ile na kuibandika nyuma ya mlango wa kibanda chake! Sikujua kama nijivune au nikimbie. Nikamwambia nimekuja kumpeleleza adui. Akanipa dakika tano, rimoti akabaki nayo.

Nilipanda kitini na kioo cha kukuzia maandishi. Pua ikagusa skrini. Yakapita majina ya mpaka rangi, mshona mavazi, dereva, halafu: wimbo, Bendi ya Ghorofa ya Tatu. Nikapiga ukelele. Nikageuka. Bwana Mraba kasimama mlangoni, penseli sikioni. Akaniuliza kwa upole kama daktari amemrudia mchumba.

Na yeye anaifuatilia! Kanidokeza hatarudi, maana yule mchumba ana pacha. Sikujua habari za pacha.

Jumatano, 5 Machi

Makala imekamilika. Kazi kubwa kuliko zote za maisha yangu.

Palikuwa na kikwazo kimoja. Siwezi kusema nimewapata kwenye runinga. Mlinzi angekufa kwa kicheko, na makala arobaini na tatu zingenifuata nyumbani kunidai maelezo. Basi nimewaona ukumbini. Kwa macho sikuwaona, lakini mtu aliyesoma kama mimi anaweza kuona kwa hoja. Hoja ni hii: sauti namna ile haiwezi kusimama bila wanaume sita nyuma yake. Sita na mwanamke mmoja ni saba. Hesabu imenyooka. Mpiga ngoma nimempa kifua kipana na jasho linalochuruzika hadi kwenye viatu. Mpiga besi nikamfumba jicho moja. Nikamaliza kwa kuwasihi wananchi wazitupe runinga jalalani, wawafuate wasanii pale jasho lao lilipo.

Nikampelekea msanifu wa kurasa, mwanamke mpole tunayemwita Dada Kimya. Miaka sita anapanga safu yangu, maneno yake yote nadhani hayajazi ukurasa. Leo kasoma mpaka mwisho, jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya. Akavua spika za masikioni. Akauliza: watu saba, kaka? Nikamwambia saba, niliwahesabu kwa kidole. Akauliza jasho lilikuwa jingi kweli? Nikamwambia taulo lisingetosha. Akarudisha spika masikioni. Akasema haya, sawa.

Wivu! Maskini, hajawahi kuona ukumbi.

Alhamisi, 6 Machi

Ushindi! Makala imetoka, simu hazikatiki. Wasomaji wanataka kujua ukumbi gani. Mlinzi kanipigia saluti. Bwana Mraba kapita mezani kwangu akasema yule mpiga besi wa jicho moja amemgusa sana. Nikampuuza.

Saa tano Mhariri akaniita. Anatabasamu! Hajatabasamu tangu aoe. Akasema mwenye gazeti ameipenda, na kesho saa kumi, badala ya maneno matupu, niilete bendi yenyewe iimbe wimbo mmoja kwenye chumba cha mikutano. Akauliza kama inawezekana. Nikasikia kinywa changu kikisema wale ni kama watoto wangu wa kuwazaa.

Nimepiga simu kituo cha runinga. Binti wa huko akasema wimbo uliletwa kwa bahasha, mtu hawajamwona. Nimepiga kumbi tisa. Hakuna anayewajua. Nina saa ishirini na sita kuwapata watu saba ambao mimi mwenyewe ndiye niliyewahesabu!

Njama: shemeji yangu ni fundi wa mafriji, ana gita lenye nyuzi nne. Nikamwambia aje na mafundi wenzake. Wimbo utapigwa kwenye simu iliyofichwa chini ya meza, wao watikise mabega tu. Jioni walikuja wanne kwa mazoezi. Mmoja kabeba mlango wa friji, anasema unalia vizuri kuliko ngoma. Mke wangu alitutazama kutoka jikoni. Akasema baba watoto, kaseme ukweli, yaishe. Nikamwambia ukweli unahitaji maandalizi, na hatuna muda.

Ijumaa, 7 Machi

Nitaandika taratibu. Bado nimeduwaa.

Saa tisa na nusu shemeji kanipigia simu: friji ya dawa ya hospitali imezima, mafundi wote wameitwa huko. Nikambembeleza angalau aje yule wa mlango. Akaniuliza shemeji, wewe una akili sawasawa? Akakata.

Saa kumi nikaingia mikono mitupu. Mhariri, mwenye gazeti (mama mmoja wa miwani minene, hacheki na mtu), Bwana Mraba na penseli yake. Nilikwisha kutunga hotuba: wasanii wa kweli hawaimbi mbele ya matajiri. Nilikuwa nimefika kwenye neno «heshima» mlango ukafunguliwa. Dada Kimya! Gita mgongoni, sanduku la nguo mkononi. Nikamwambia dada, kurasa zisubiri, kuna kikao. Akasema amekuja kuimba. Nikamwuliza na nani. Akasema bendi ni yeye.

 

Anaishi ghorofa ya tatu. Hurekodi chumbani kwake akitoka kazini, kajifunika blanketi ili majirani wasilalamike. Ngoma ni lile sanduku la nguo, analipiga kwa kiganja. Hajawahi kupanda jukwaa lolote. Mwenye gazeti akavua miwani, akauliza: na wale saba? Dada Kimya akasema mama, hata mimi natamani kuwaona, hasa yule wa jasho.

Nikatazama dirisha. Tuko chini kabisa. Ningeweza kutoka.

Akakaa, akaimba. Mwanzoni alikosea mara mbili, akaanza upya. Kisha hakukosea tena. Mhariri alisahau kufunga kinywa. Bwana Mraba alikuwa anafuta macho kwa karatasi ya chemshabongo ya kesho. Na mimi, niseme hapa tu ambapo hakuna anayesoma: ulikuwa mzuri kuliko nilivyouandika.

Mwenye gazeti akauliza wimbo ulifikaje kwenye runinga. Dada Kimya akaeleza kwamba miaka miwili iliyopita aliweka rekodi yake mezani kwangu, bila jina, aone mtaalamu atasemaje. Niliirudisha kwenye rafu ya mapokezi pamoja na kijikaratasi cha wino mwekundu, naye akaichukua hapo. Akakitoa mfukoni! Mwandiko wangu! «Huu ni muziki wa runinga.» Nilikusudia tusi, kubwa kuliko yote niliyonayo. Yeye alidhani nampa ushauri. Akawatumia.

Halafu akanishukuru. Kwa mikono miwili! Nilitafuta kejeli usoni mwake, nikakosa hata chembe. Nilikaa chini. Kiti hakikuwa pale.

Hukumu: nafasi ya ukurasa wa kumi na nne ni ya Dada Kimya. Kila wiki atawaeleza wasomaji nyimbo na bendi mpya zilizosikika kwenye tamthilia. Chemshabongo inahamia karibu na matangazo ya vifo. Safu yangu imefutwa. Mimi nitabaki kusahihisha ratiba ya vipindi vya runinga.

Jumapili, 9 Machi

Siku mbili nimetafakari, kwa ukali, bila kujionea huruma. Nimegundua kosa lilikuwa la Mhariri.

Kwani nani aliyemgundua Dada Kimya? Mimi! Tena mara mbili! Gazeti lisilojua kuthamini sikio kama hili halinistahili. Lipo gazeti jingine, ng'ambo ya barabara, halina safu ya muziki.

Leo mchana, wakati wa tangazo la sabuni ya kufulia, wimbo mwingine. Sauti nne za kiume zinazopandana kama ngazi. Nikaruka. Safari hii sikungoja majina wala kuuliza mtu. Nikaketi, nikaandika barua ya kuomba kazi, kurasa sita, sampuli ya makala ikiwa ndani: jinsi nilivyoifahamu bendi hii changa, ninavyowarekebishia mashairi, jinsi Alhamisi nilivyokula nao chakula cha mchana na mdogo wao akaniita mwalimu. Nikavuka barabara mwenyewe, nikaipenyeza chini ya mlango wa ofisi yao. Ikateleza mpaka ndani kabisa, kidole hakiifikii.

Nimerudi. Nikamwimbia binti ile sehemu ya kupandana. Akasema aa, baba, huo ni wa zamani sana. Bibi alikuwa nao kwenye santuri. Wale waimbaji wote wanne walishakufa, hata mama alikuwa hajazaliwa.

Nilishtuka. Nilishika ukuta. Dakika tano nzima nilishtuka.

Kisha nikatulia. Marehemu hawaji kwenye vikao.